Mwalimu Amalorpavam Irudayaraj (1951–2024) na Unga wa Mchele Mlangoni

Mwalimu Amalorpavam Irudayaraj, tunayemsindikiza leo, alizaliwa alfajiri ya tarehe 8 Septemba 1951, sikukuu ya kuzaliwa Bikira Maria, hapa hapa Kumbakonam, katika nyumba ileile alimofumbia macho. Alikuwa kifungua mimba wa Bw. Savarimuthu, aliyefanya kazi ya kuongoza ishara za treni hapo stesheni, na Bi. Adaikalamary. Wanawake wa mtaa walisimulia kwamba uchungu ulimshika mama yake akiwa amechuchumaa mlangoni, unga wa mchele vidoleni na kolam ya asubuhi, ule mchoro wa mlangoni, ikiwa nusu, na kwamba alikataa kuinuliwa mpaka mstari urudi ulikoanzia. Kama walitia chumvi, Mungu anajua. Marehemu mwenyewe aliiamini hadithi hiyo, na kila alipochelewa mahali alisema hakuchelewa yeye, alikuwa anangoja mstari ufungwe.

Utoto wake ulikuwa wa kuamshwa na sauti ya ufagio. Kabla ya jua, ukungu wa mto Kaveri ukiwa bado umelala juu ya mapaa, Bi. Adaikalamary alifagia mbele ya mlango, akanyunyiza maji, kisha akaweka nukta za unga juu ya udongo mbichi na kuzizungushia mstari mmoja mweupe usiokatika. Mtaa mzima ulifanya hivyo, Wahindu kwa Wakristo, kila nyumba na mkono wake. Ilipofika saa sita mchana kuku walikuwa wameparura, watoto wamekanyaga, sisimizi wamebeba zao, na kesho yake kazi ikaanza upya. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwa Bi. Adaikalamary hata sisimizi alikuwa mgeni. Alikuwa na imani kwamba kolam haitungwi, huotwa, na mara nyingi alimwamsha binti yake ili amsimulie aliyoiota kabla haijampotea.

Marehemu alisoma shule ya msingi ya parokia kuanzia mwaka 1957, kisha sekondari ya wasichana ya masista, aliyoimaliza mwaka 1968. Hakuwa mwanafunzi wa kutisha. Mara nyingi akili yake ilikuwa imetoka nje dirishani. Siku moja Sista wa hesabu aliinamia kibao chake akakuta, badala ya mafungu ya kugawanya, nukta na mstari uliopitapita katikati yake kila upande. Akamwuliza kwa ukali, mstari huu unaanzia wapi?

"Sijui, Sista," akajibu mtoto. "Mama anasema ukishajua ulipoanzia, umeshakosea."

Sista alimsimamisha kwenye kona kipindi kizima. Lakini wenzake walimwona Sista huyohuyo, wakati darasa likiandika, akifuata ule mstari kwa ncha ya kidole, taratibu, mpaka kengele ikalia. Ni Sista huyo aliyewaendea wazazi mwaka 1969 na kuwaambia kwamba binti huyu aende Madras akasomee uchoraji, kwani yeye na hesabu walikuwa wameshapishana njiani.

Alihitimu mwaka 1974, na mwaka uliofuata akaajiriwa kufundisha uchoraji katika chuo cha usanifu huko Adyar, Madras. Chanda chema huvikwa pete: tarehe 23 Mei 1977 alifunga ndoa na Bw. Irudayaraj, karani wa benki, katika kanisa hili mlilomo. Siku Bw. Irudayaraj alipokuja na jamaa zake kuposa, alikuta kolam kubwa imefunika njia yote toka barabarani hadi mlangoni, akasimama pale na viatu vyake vilivyong'arishwa, hajui aweke mguu wapi. Shangazi zake walikwisha kuingia, kahawa imeshamiminwa, yeye bado yuko nje kwenye jua. Binti mwenyewe ndiye aliyetoka, jambo ambalo halikuwa desturi, akamwambia, "Pita tu. Imechorwa ikanyagwe." Bw. Irudayaraj amekuwa akisema kwamba tangu siku ile hakuchagua tena kitu kingine maishani, alipita tu.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Jacintha na Amalraj, waliokulia katika vyumba viwili vya kupanga karibu na chuo, ambako unga wa mchele ulipatikana kila mahali isipokuwa kwenye sufuria.

Sasa tuseme juu ya kazi yake, kwa sababu hapo ndipo moyo wake ulipokuwa. Chuoni siku zile, mwaka wa kwanza wote ulikuwa wa duara, mraba na pembetatu, zikikatwa kwa karatasi ya kijivu kufuata vitabu vilivyotoka ng'ambo. Mwalimu Amala, kama wanafunzi walivyomwita, hakuvichukia vitabu hivyo. Hata alikuwa akivipenda. Lakini kila asubuhi, akienda kazini kwa miguu, alipita mbele ya milango ambako wanawake walioinama walikuwa wakifanya kwa ncha za vidole mambo ambayo darasani yalihitaji rula na bikari, kisha anaingia darasani na kukuta hakuna hata mmoja anayeyataja. Alisema alijiona anaamka usingizini kila anapovuka lango la chuo, na kwamba hakutaka kuamka.

Mwaka 1981 aliomba ruhusa ya kuanzisha somo la kolam. Akasafiri kuja Kumbakonam kumwomba mama yake aende Madras akafundishe pamoja naye. Bi. Adaikalamary alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Darasani kwenu kuna mlango wa nani?" akauliza.

"Mama, ni darasa. Lina mlango wa darasa."

"Anayekaa humo ni nani? Anayetoka humo kuoa, kuzaa, kufa, ni nani? Kolam ni neno la nyumba kwa mtu anayepita njiani. Nyinyi mnamwambia nani?" Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa utani na hakupenda kumwona mwanawe amenyong'onyea, akaongeza, "Ukiutoa mlangoni, mwanangu, huo ni unga tu. Afadhali uukande ule."

Maneno hayo Marehemu alirudi nayo Madras, na tunaomlilia leo tunajua hayakumtoka tena. Tangu siku ile kazi yake yote ilikuwa ni kutafuta jibu la mama yake. Hakushindania cheo wala sifa. Alitaka kujua kama kitu cha mlangoni kinaweza kuishi darasani, au kama yeye, kwa mapenzi yake yote, alikuwa anakiua.

Alianza hivyohivyo, peke yake, kwenye ua wa chuo. Mwisho wa mwaka watahini walialikwa. Wanafunzi walichora alfajiri, ua wote ukawa mweupe, na wote waliouona siku ile husema walihisi wanatembea ndani ya ndoto ya mtu mwingine. Kwa bahati mbaya watahini walikaribishwa chai kwanza, na vitafunwa vilikuwa vizuri. Walipofika uani jua lilikuwa kali, shomoro wengi, na sisimizi wameshajipanga mistari. Mkuu wa watahini akauliza kazi iko wapi. Marehemu, kwa heshima zote, akamjibu kwamba imeliwa.

"Imeliwa? Sasa sisi tutoe alama ya nini?"

"Ya kuliwa vizuri, bwana. Unga wa dukani wenye chokaa, sisimizi hawaugusi."

Somo lilinusurika mwaka ule kwa kicheko, na Marehemu alijua kwamba kicheko hakitatosha mara ya pili. Ni kweli hakikutosha.

Mwaka 1983 alikuwapo mwanafunzi mmoja kutoka Chandigarh, Ravneet Sodhi, msichana wa Kisingasinga ambaye kwao michoro ya unga haikujulikana kabisa. Alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote. Alipanga chumba cha juu katika nyumba ya Bw. Sowrirajan, huko Mylapore, mtaa wa Madras. Asubuhi moja mama mzazi wa Bw. Sowrirajan alifariki. Ravneet aliposhuka ngazi alikuta watu wanalia ndani, na mlangoni hapajachorwa kitu. Roho ikamwuma. Alidhani huzuni imewafanya wasahau. Akaona hili sasa ndilo analoweza kuwafanyia hawa watu waliompokea: akachukua unga, akachuchumaa, akachora kolam ya maua ya yungiyungi upana wa mlango mzima, nzuri kuliko zote alizopata kuchora, na machozi yake yakidondokea humo.

Kila mtu aliyezaliwa huku anajua tayari kilichotokea. Nyumba iliyofiwa haichori. Mlango mtupu ndio unaomwambia mpita njia kwamba humu kuna maiti, vua viatu, punguza sauti. Waombolezaji wa kwanza walifika kona ya mtaa, wakaona yungiyungi linang'aa, wakageuka wakidhani wamekosea nyumba, au kwamba habari ya msiba ilikuwa uongo. Mpwa wa mama huyo alizunguka mtaa mara kadhaa akitafuta nyumba aliyoijua tangu utotoni. Bw. Sowrirajan alipotoka na kuona, alileta ndoo ya maji akamwaga mwenyewe, hakusema neno. Siku iliyofuata alikwenda chuoni, na huko alisema.

Wakubwa wa chuo waliamua somo lifutwe, na wana haki yao katika hilo: mila za watu si mchezo wa kujifunzia. Marehemu hakubisha. Alikwenda Mylapore pamoja na Ravneet, wakaketi barazani kwa watu wale, chini, siku baada ya siku, kama waketivyo jamaa wa mbali. Hakujitetea wala hakumtetea msichana. Wakati huo aliyaona maneno ya mama yake yametimia. Alikuwa amewafundisha nukta, mstari, mzunguko, kipimo cha vidole viwili, na hakuwafundisha hata siku moja wakati wa kuuweka mkono chini. Alimwandikia mumewe, aliyekuwa safarini kikazi, kwamba amefundisha kusema watu ambao hawajui kunyamaza, na kwamba pengine aombe kazi nyingine.

Ilipofika siku ya kumaliza matanga, siku ambayo nyumba hurudishiwa kolam yake, mke wa Bw. Sowrirajan alitoka alfajiri na ufagio. Akafagia, akanyunyiza maji. Kisha akapandisha uso kwenye dirisha la juu.

"Wewe msichana wa Punjab," akaita. "Shuka. Leo ndiyo siku yake. Njoo unishikie unga."

Wakachora pamoja, kimyakimya. Wiki ileile Bw. Sowrirajan alirudi chuoni kwa miguu yake. Wakubwa walidhani amekuja kushtaki tena. Yeye akasema, "Msimfukuze yule mwalimu. Mwambieni tu afundishe kunyamaza pia."

Kuanzia mwaka 1984, basi, somo la Mwalimu Amala lilibadilika sura. Wanafunzi wapya waliletwa uani alfajiri, wakafagia, wakanyunyiza maji, wakasimama kuutazama udongo mtupu mpaka jua litoke, halafu wakaambiwa waende wakanywe chai. Wiki za kwanza zote zilikuwa hivyo. Walinung'unika sana. Yuko mmoja kutoka Pune aliyemwuliza kama wamevuka nchi nzima kuja kufagia, naye akamjibu kwamba ndiyo, na kwamba kule kwenye kona amesahau majani. Baada ya hapo kila mwanafunzi alikaa msimu mzima na familia moja, akiingia jikoni, msibani na arusini, kabla ya kuruhusiwa kushika unga. Aliwaleta pia wafinyanzi na wasuka mikeka chuoni, majina yao yakiandikwa kwenye ratiba ukutani kama walimu wengine, na wao nao aliwaomba wafundishe siku wasizofanya kazi na sababu zake. Leo kuna nondo za madirisha, pindo za sari na sakafu za stesheni zilizotoka mikononi mwa wanafunzi wake, na vyuo vingine vimeiga somo lake. Sifa hizo alizipokea kwa adabu akaziweka pembeni, maana hazikuwa jibu alilokuwa analitafuta.

Mama yake alifariki tarehe 2 Novemba 1991. Aliwahi kwenda Madras mara moja kulitazama darasa, akaketi nyuma, akanywa kahawa yake, na alipoondoka alisema tu kwamba watoto ni wazuri na kahawa ilikuwa nyepesi. Marehemu aliumia kwa hilo kuliko alivyopata kukiri, na sisi jamaa tulimwona.

Alistaafu mwaka 2011, akarudi Kumbakonam na mumewe kwenye nyumba ya wazazi. Mwanzoni mwa mwaka 2016 mkono wa kulia ulianza kumtetemeka, na madaktari wa Thanjavur wakasema ni ugonjwa wa Parkinson. Alijaribu kuendelea. Mstari wake ukawa na mawimbi, naye akacheka kwamba hatimaye ameweza kuuchora mto Kaveri. Baadaye hakucheka. Palipita miezi mlango ukikaa mtupu bila msiba, na majirani wakawa wanabisha hodi kwa wasiwasi kuuliza nani amefariki.

Hapo ndipo Bw. Irudayaraj, karani mstaafu aliyezoea kalamu ya wino, alipojitwika kazi ambayo wanaume wa mtaa huu hawaifanyi. Kila alfajiri alimweka mkewe kwenye kiti barazani, yeye akachuchumaa na magoti yake mabovu, na mkewe akamwelekeza kwa sauti iliyokuwa inazidi kufifia. Kolam zake, tuseme ukweli mbele ya jeneza, zilikuwa mbaya. Bi. Rajeswari wa nyumba ya pili hakumwonea haya.

"Mzee, hiyo ni kolam au ramani ya kwenda Trichy?"

"Muulize mwalimu wangu," akasema Bw. Irudayaraj. "Mimi nafuata barabara anayonionyesha."

"Mwalimu wako amesinzia."

"Basi ndiyo maana tumepotea."

Hakuwa amesinzia. Alikuwa anacheka macho yakiwa yamefumbwa, na watu waliopita asubuhi zile wanasema hawajaona mlango mwingine uliopendeza kama ule.

Mwaka wa mwisho alikuwa akilala zaidi kuliko kukesha, na katika usingizi kidole chake kilitembea juu ya shuka, kikienda na kurudi. Binti yake Jacintha alimwuliza siku moja anachora nini. Akasema hajui bado. Jumapili ya tarehe 14 Januari 2024, mkesha wa Pongal, sikukuu ya mavuno, baada ya Misa aliyoletewa redioni na vijiko viwili vya uji, kidole kilisimama. Mumewe, watoto wake na Bi. Rajeswari walikuwapo. Hakupata shida. Tulipotoka barazani jioni ile, moshi wa vitu vya zamani vilivyochomwa kwa sikukuu ulikuwa umetanda mtaani, na sisi hatukujua tufanye nini na mikono yetu.

Marehemu ameacha mume, Bw. Irudayaraj, binti, Jacintha, na mkwe, Bw. Xavier, mwana, Amalraj, na mkwe, Bi. Selvarani, wajukuu Nirmal, Shanthi na Divyan, mdogo wake, Bw. Arulappan, na familia yake. Pamoja na ndugu, majirani na marafiki ambao hatuwezi kuwataja wote.

Hapo ndipo wasifu huu ulipokuwa umeishia tulipoupeleka kwa mpiga chapa Jumapili usiku. Jumatatu asubuhi tulimwomba asubiri. Ilikuwa Pongal, siku ambayo hakuna mwanamke wa nchi hii asiyechora kolam kubwa kuliko zote za mwaka, na mlango wetu ulikuwa mtupu, kama ilivyo haki. Habari ilikuwa imeshawafikia wanafunzi wake wa zamani, na simu ya Bw. Irudayaraj ikaanza kuita. Wa kwanza alikuwa Ravneet Sodhi, ambaye sasa ni mwalimu wa usanifu, mwenye mvi, akipiga kutoka kwake Chandigarh, mahali ambapo hakuna desturi ya kolam wala mtu wa kuisoma. Kila siku amekuwa akiichora mlangoni kwake, miaka yote hii.

"Baba," akasema, "leo nimefagia, nikanyunyiza maji, nikaacha hivyohivyo. Jirani amenizoea, akatoka akaniuliza kulikoni, mbona mlango mtupu." Bw. Irudayaraj akaisogeza simu karibu na sikio. "Nikamwambia tumefiwa."

Baada yake akapiga wa Pune, kisha wa Jaipur, kisha wa Shillong, na wengine, mpaka chaji ya simu ikaisha. Wote wameacha milango yao mitupu siku ya Pongal. Hakuna aliyewaagiza.

Kwa hiyo tunaongeza hapa, kwa idhini ya familia, kwamba Mwalimu Amalorpavam ameacha pia nyumba hizo, na wafiwa waliomo ndani yake. Mungu ampumzishe kwa amani, na nuru ya milele imwangazie. Amina.